Freddie Mercury aandikweje: Mtanzania, Mhindi au Mwingereza?

Mhariri_Upanga

Wanajukwaa, salaam. Hapa Dar es Salaam tunaandaa kijitabu cha wasifu wa wanamuziki kwa ajili ya maktaba za sekondari, na kazi imekwama kwenye sentensi ya kwanza ya ukurasa wa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Rasimu ilimwita "mwanamuziki wa Kitanzania". Mwenzangu mmoja akafuta na kuandika "Mwingereza mwenye asili ya India". Mwingine, ambaye kwao ni Unguja, hataki kusikia lolote ila "Mzanzibari". Kila mmoja ana pa kushika, kwa kuwa mtu huyu alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka Gujarat, shule ya bweni alisoma Panchgani, India, na umaarufu aliupatia London.

Jambo la pili ni maisha yake binafsi. Msimamizi wetu anapendekeza tuyaruke kabisa kwa kuwa wasomaji ni wanafunzi. Mimi naona wasifu wa mtu aliyefariki kutokana na UKIMWI hauwezi kuishia kwenye "alifariki mwaka 1991" kana kwamba aliteleza kwenye ngazi. Naomba ushauri.

Wakili_Kijitonyama

Ndugu mhariri, neno "Kitanzania" liondoe bila kusita. Mwaka 1946 hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania. Zanzibar ilikuwa chini ya Sultani na ulinzi wa Uingereza, ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na katika mwaka huohuo familia ya Bulsara ikahamia Uingereza, ikakaa Feltham, pembezoni mwa London. Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania lilikuja miezi kadhaa baadaye. Kisheria alizaliwa akiwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, hadhi ambayo haikuwa uraia kamili, na mwaka 1969 akaandikishwa kuwa raia wa Uingereza na makoloni yake. Kwa hiyo unapozungumzia uraia, jibu ni Mwingereza, na mapenzi yetu kwa Unguja hayabadilishi karatasi hizo.

Mwana_wa_Shangani

Namheshimu wakili, lakini akiachwa peke yake atatuandikia fomu ya uhamiaji badala ya wasifu. Mtu akipanda boti hapo bandarini leo, atashuka Unguja na kutembea dakika chache tu hadi Shangani, Barabara ya Kenyatta, ambako mwaka 2019 yalifunguliwa makumbusho ya mwimbaji huyu. Wageni hawaendi pale kutazama hati za uraia. Hata hivyo nitasema jambo ambalo ndugu zangu wa Unguja hawatalipenda: alipelekwa Panchgani akiwa na umri wa miaka minane hivi, akarudi mwaka 1963, na mwaka uliofuata wakaondoka. Uzanzibari wake ni wa kuzaliwa na wa utoto, nao uandikwe hivyo, bila kupunguzwa wala kutiwa chumvi.

Hiyo "asili ya India" nayo naiona imepunguka. Waparsi ni wazao wa Waajemi wafuasi wa dini ya Zoroaster waliohamia India karne nyingi zilizopita, na dini hiyo ndiyo iliyomzika, maana ibada ya mazishi yake London iliongozwa na makuhani wa Kizoroaster. Mwandikie "familia ya Kiparsi kutoka Gujarat", msomaji ataelewa zaidi.

Mzee_wa_Sinza

Wanangu, jaribuni kanuni yenu kwa mtu wa karibu. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila, na akafia hapahapa Desemba 2010. Kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy, na sijawahi kumsikia kondakta akiuliza pasipoti yake. Kama Remmy mtamwandika "mzaliwa wa Kongo aliyefanyia kazi yake Dar es Salaam", basi Freddie naye ni mzaliwa wa Zanzibar aliyefanyia kazi yake London. Haiwezekani tumchukue Remmy kwa sababu ya alikofanyia kazi, kisha tumchukue Freddie kwa sababu ya alikozaliwa, eti wote wawe wetu.

Na kuhusu UKIMWI, msimamizi wenu akumbushwe kwamba Remmy aliimba waziwazi juu ya kondomu katika "Mambo kwa Soksi", wimbo ambao redio ya taifa ilikataa kuupiga, na mji mzima ukaujua.

Mkutubi_Temeke

Katika maisha binafsi mimi hupima hivi: mwenyewe alisema nini hadharani, na waliokaa naye wamesema nini. Tarehe 23 Novemba 1991 ilitolewa taarifa yake kwamba ana UKIMWI, na kesho yake akafariki akiwa na miaka 45. Hayo aliyatangaza mwenyewe, kwa hiyo kuyaficha ni kumkatiza kauli. Miaka ya 1970 aliishi na Mary Austin, ambaye alibaki rafiki yake na ndiye aliyeirithi nyumba ya Freddie ya Kensington. Miaka yake ya mwisho aliishi na mwenzi wake Jim Hutton, ambaye baadaye aliyaandika maisha hayo. Sentensi mbili zinatosha, zisizo na sifa wala lawama. Zile sherehe za miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, zilizofutwa Zanzibar mwaka 2006 baada ya kupingwa na kikundi cha kidini, ni habari za Zanzibar ya 2006. Msiziweke katikati ya maisha ya mtu aliyekwisha kufariki.

Mhariri_Upanga

Nawashukuru. Msimamizi amekubali zile sentensi mbili. Mwanzo sasa unasomeka hivi: "Freddie Mercury (1946–1991) alikuwa mwimbaji wa Uingereza na kiongozi wa sauti wa bendi ya Queen. Alizaliwa Mji Mkongwe, katika koloni la Zanzibar, na familia ya Kiparsi kutoka Gujarat."

Wakili_Kijitonyama

Rekebisha "koloni". Zanzibar ilikuwa na Sultani wake, chini ya himaya, yaani ulinzi, ya Uingereza tangu 1890. Ni himaya hiyo iliyompa hadhi aliyozaliwa nayo, na bila kuitaja mwanafunzi hataelewa kwa nini aliandikishwa upya mwaka 1969.