Tupeane uzoefu: mmeenda kutembea wikiendi, mwenzenu mmoja yuko kwenye poka ya simu

Chalii wa Sakina (mleta mada)

Wakuu kwema? Nina hasira kidogo, mnivumilie nikiruka herufi.

Jumamosi tumetoka Chuga watu sita kwenye Noah. Ratiba nyepesi tu: mchana Chemka, usiku kulala Moshi, Jumapili maporomoko ya Materuni, jioni kila mtu kwao. Hatujafika hata Tengeru mwenzetu mmoja keshainamisha kichwa. Nikajua anachati na shemeji. Kumbe yuko mezani na Wabrazili, anacheza poka mtandaoni, ya hela kabisa.

Chemka watu wanajirusha majini kwa kamba, yeye kakaa kwenye mizizi ya mti, shati kalifunika kichwani jua lisipige kioo cha simu. Ukimwita: "Ngoja nimalize huu mkono." Mkono ni raundi moja ya karata, na hauishi. Usiku Moshi bili ya nyama imekuja anauliza, "Kwani tumekula nini?" Na Materuni ndipo nilipochoka. Wenyeji wanatwanga kahawa huku wanaimba, kila mgeni anapewa mchi kwa zamu. Zamu yake ilipofika akaupokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una simu.

Simsemi kwa kuwa kaliwa au kashinda, hela ni zake. Nauliza tu, nyie mmeshakutana na mtu wa hivi? Mlimfanyaje?

Konda Mstaafu

Yupo kila gari huyo. Zamani alikuwa yule anayelala hadi mfike.

Shosti wa Njiro

Afadhali wewe ni rafiki, mimi nilikuwa mchumba! Tulienda Marangu, pale Kinukamori, nimevaa gauni jipya, nikamwomba anipige picha na maji nyuma. Anabonyeza, anaitikia "safi, safi, geuka kidogo". Kuja kuangalia jioni, picha zote sina kichwa. Alikuwa anapiga kwa simu yangu huku macho yako kwenye yake.

Babu wa Ngaramtoni

Vijana, poka ndiyo ile ya kindege?

Profesa Sekei

Shikamoo babu. Hapana, kindege ni mchezo mwingine kabisa wa kubeti kwenye simu. Poka ni karata. Ile ya Texas unapewa karata mbili zako za siri, tano zinafunuliwa mezani kwa wote, unaunda mkono bora wa karata tano. Unacheza na watu wenzako. Mwenye meza anakula kamisheni yake tu.

Babu wa Ngaramtoni

Marahaba. Kwa hiyo ni kamari.

Profesa Sekei

Babu, kuna hesabu ndani yake.

Babu wa Ngaramtoni

Hata kamari ina hesabu. Ya mwenye meza.

Mangi Mtoro

Mleta mada umenikumbusha kitu ambacho kwenye grupu letu ni marufuku kukitaja. Kaeni vizuri.

Sisi tuko saba, tumesoma pamoja, kila mwaka tunatoka mara moja. Safari hiyo tulichanga elfu themanini kila mtu, laki tano na sitini, zikawekwa kwenye simu ya jamaa tunayemwita Mhasibu. Na kweli ni mhasibu kwa kazi. Mtu mmoja makini mno, risiti ya maji ya jero anaitunza. Tumetoka Moshi mchana tunaenda kulala Karatu.

Tumepita Arusha vizuri, baada ya Makuyuni muziki ukakatika. Kwenye spika za gari tunasikia tki-tki-tki, halafu kengele, ting! Dereva akadhani gari ina shida, akapunguza mwendo, tukasikiliza wote. Tki-tki-tki, ting! Kumbe simu ya Mhasibu ndiyo iliyokuwa imeungwa kwenye redio, na ile kengele ni meza inamwambia zamu yako, sekunde zinaisha. Tukacheka, tukamtania, tukasimama Mto wa Mbu kununua ndizi nyekundu. Hela ya ndizi akasema mtandao wa pesa unasumbua, mtu mwingine atoe. Akatoa.

Karatu kwenye mafuta, mtandao unasumbua. Loji, mtandao unasumbua. Mimi natumia laini ile ile, nimetoka kumtumia mama hela dakika ile ile. Nikanyamaza kwanza.

Naendelea, ngoja niweke simu chaji.

Konda Mstaafu

Mangi usitufanyie hivyo!!

Binti Majengo

Nimekaa paleee na karanga zangu.

Dereva Suka

Akiwa anaweka chaji niwape yangu fupi. Mwenzetu alikuwa anaendesha yeye, Arusha kuja Moshi, simu kaipachika kwenye dashibodi na meza iko wazi. Tulikataa, akasema ana uzoefu. Hatukuwa tunaiona simu vizuri, lakini tulizijua karata zake kwa mwendo wa gari: akipata kitu anapunguza mpaka bajaji inatupita, akizitupa anakanyaga. Kikatiti alizitupa. Kibao cha 50, sisi tuko kwenye 78. Trafiki kasimama pale pale. Faini elfu thelathini, na wakati anaandikiwa meza bado inagonga kengele. Askari akauliza, "Hiyo ni dawa ya kunywa?" Alidhani ni alamu ya dozi.

Tulimtoa usukani palepale, mbele ya askari. Nasema wazi, dereva anayecheza simshauri mtu amvumilie hata kilomita moja. Shuka, panda Kosta.

Shosti wa Njiro

Mngemnyang'anya tangu Usa River.

Dereva Suka

Dada, ukimnyang'anya mtu simu gari liko mwendo mnaenda wote mtaroni.

Mangi Mtoro

Nimerudi.

Saa nne usiku, baridi ya Karatu mnaijua, tumejifunika mablanketi barazani tunasubiri chakula. Mwenye loji kaja mara ya pili anataka hela yake. Ndipo Mhasibu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasoma taarifa ya kikao: "Jamani, hela ipo lakini iko kwenye mashindano."

Dola 109 kiingilio. Aliingia tukiwa barabarani, akatolewa mapema, akaingia tena tulipofika maana usajili ulikuwa haujafungwa. Dola 218 zetu. Kwa wakala wa dola wa kwenye magrupu, siku hizo dola kwenye elfu mbili na mia tano, ni laki tano na arobaini na tano. Imebaki elfu kumi na tano ya watu saba.

Mmoja alisimama ampige. Kweli alisimama, kavua na saa. Mhasibu hakuinua hata uso. Akasema, "Ukinipiga sasa hivi nitakatwa dau la lazima, na tumebaki tisa."

Tumebaki tisa! Meza ya mwisho! Aliyevua saa akakaa. Ndani ya dakika kumi watu saba tumebanana kwenye kisimu kimoja, wote makocha, wengi hatujui hata nini kinashinda nini. Tunamjua Mrusi mmoja kwa jina lake la mezani, tunamtukana kwa Kichaga. Mwenye loji kaja kudai, akakalishwa, akaelezwa, naye akaanza kutoa ushauri.

Umeme ukakatika. Intaneti ya loji ikaondoka nayo. Ukikosa mtandao kwenye mashindano meza haikusubiri, karata zako zinatupwa na dau la lazima linaendelea kukatwa raundi kwa raundi. Nikawasha hotispoti yangu, ikagoma. Wa pili akawasha, ikashika. Kurudi mezani, amebaki na chipu kiduchu, halafu akapewa ree mbili. Ya kopa na ya shupaza, bado naziona. Akasukuma zote. Mrusi akafuata, akafunua wafalme wawili.

Tano zikatoka. Hakuna mfalme. Tulipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakaamka.

Alitoka wa tatu. Dola elfu moja na mia moja.

Binti Majengo

Chai. Tena ya tangawizi.

Konda Mstaafu

Chai au siyo chai nimeinywa yote.

Mangi Mtoro

Binti Majengo hujalazimishwa. Na sijafika kwenye ugomvi bado.

Hela haikutoka usiku ule. Ili watoe walitaka kitambulisho na uthibitisho wa makazi, bili ya maji au umeme yenye jina lako. Jamaa kapanga chumba, maji na umeme vyote viko kwa jina la mwenye nyumba. Ikachukua karibu mwezi. Kwa hiyo loji tulilipa sisi, tulichangishana upya, na mafuta ya kurudia pia. Hela ilipoingia, Mhasibu akaturudishia kila mtu elfu themanini yake pamoja na tulichotoa mara ya pili, akaambatanisha na jedwali. Akatununulia na soda.

Zilizobaki akasema ni jasho lake.

Shosti wa Njiro

SODA?

Meku wa Kibosho

Kosa lake liko wapi? Mlipewa mtaji wenu wote. Angetolewa mngemdai, ni kweli, lakini angelipa. Aliyecheza ni yeye.

Konda Mstaafu

Angelipa na nini? Meku acha hizo. Hela ya watu ukiizungusha bila kuwaambia, faida ni ya watu. Hata mtu wa Vikoba hawezi kukuelewa.

Meku wa Kibosho

Vikoba wana katiba. Hao walikuwa na blanketi.

Binti Majengo

Nyie Wachaga mkiona milioni mbili hamlali.

Meku wa Kibosho

Na nyie wa Arusha mkiona elfu kumi mnaazima Noah. Tuendelee?

Chalii wa Sakina (mleta mada)

Wakuu ukabila nje ya uzi. Na Noah ilikuwa ya shemeji yangu.

Profesa Sekei

Mnaibishia hadithi bure, hesabu yake inawezekana. Ree mbili unazipata kwa wastani mara moja katika mikono 221. Ukizisukuma dhidi ya wafalme wawili kabla ya karata za mezani unashinda takriban asilimia 82. Na mhasibu kuibuka kwenye poka siyo ajabu. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee kule Marekani, aliingia kwa dola 86 kwenye mchujo wa mtandaoni, mwaka 2003 akachukua ubingwa wa dunia, dola milioni mbili na nusu.

Babu wa Ngaramtoni

Wahasibu wengine wa Tennessee waliolipa hiyo 86 wako wapi?

Konda Mstaafu

Babu anatumaliza 😂😂

Dereva Suka

Profesa, hiyo 82 maana yake karibu mara moja katika tano unalia na ree zako mkononi. Na hao Wabrazili na Warusi umejuaje kama ni watu? Si 2019 kuna programu ya kompyuta, Pluribus, iliwapiga mabingwa kwenye meza ya watu sita?

Profesa Sekei

Ile ilikuwa ya watafiti. Ila ndiyo, roboti ni tatizo, na mitandao mingi inawapiga marufuku. Ndiyo maana nasema mtu acheze nyumbani, ametulia, siyo kwenye Noah yenye matuta.

Binti Majengo

Asicheze popote.

Profesa Sekei

Kisheria mtu wa miaka 18 ana ruhusa yake kwenye michezo iliyosajiliwa, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kwa sheria ya 2003. Sasa huo mtandao wa nje wa Mhasibu na wakala wa dola wa kwenye grupu, hapo simtetei. Wakala akizima simu unamshtaki wapi?

Mama Wawili Moshono

Mleta mada, kwetu dawa ni ndogo. Anayeshika simu wakati wa kula ndiye analipa bili. Wikiendi ya kwanza alilipa mtu mmoja, ya pili simu zote ziko kwenye kikapu.

Konda Mstaafu

Mimi naona mmwache. Mtu mzima akitaka kwenda Materuni kuangalia kioo, kiingilio si kalipa?

Dereva Suka

Bebeni karata za kawaida, chezeni arobastini kwenye majani. Mwenye kiu ya karata atashiba.

Shosti wa Njiro

Atakula hela zenu hapo hapo. Mimi ushauri wangu: mtunza hela awe mwanamke.

Mama Wawili Moshono

Wa kwetu aliyezama na michango ya Pasaka alikuwa mwanamke. Weka hela kwa mtu asiye na simu janja, basi.

Babu wa Ngaramtoni

Nipo. Nina kiswaswadu.

Chalii wa Sakina (mleta mada)

Mangi, swali moja. Huyo Mhasibu bado mko naye?

Mangi Mtoro

Ndiyo tena ndiye anakusanya. Mwezi wa kumi na mbili tunaenda Pangani. Tulijaribu mtu mwingine mwaka uliofuata, akapoteza risiti zote na hela ya mafuta ikapelea, na wala hakuwa anacheza chochote.

Shosti wa Njiro

Basi andikianeni safari hii. Akiingiza hela yenu na akashinda, mnagawana vipi.

Mangi Mtoro

Tulishakaa. Sisi tumesema nusu kwa nusu, na asiguse kabla loji haijalipwa. Hilo la loji kakubali. Kwenye nusu anataka sitini, anasema betri ni yake.

Konda Mstaafu

Na hotispoti ilikuwa ya nani?

Mangi Mtoro

Ndiyo hoja yetu. Kikao kinaendelea Jumamosi.