Wakuu, tuchange 600,000 tuandikiwe andiko la kuomba fedha za kuokoa mto wetu?

Katibu_Mlali:
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku Mlali, Mvomero. Mto wetu unashuka kutoka Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu, wanalolitegemea watu wa Morogoro mjini. Utotoni tulivuka kwa kukanyaga mawe, na mwezi wa saba uliyaona mpaka chini. Siku hizi mvua ikinyesha saa moja tu maji yanakuwa kama chai ya maziwa, na ikifika Oktoba akina mama wanafukua mchanga kutafuta ya kunywa. Nyanya na kabichi zimelimwa mpaka ukingoni, pampu zimepangana.

Tumeomba fedha za miche ya miti 20,000 mara mbili. Majibu yote mawili: "halikukidhi vigezo". Sasa kuna mtu anataka 600,000 atuandikie upya, na fedha zikitoka achukue asilimia 10. Wanachama wako tayari kuchanga. Naombeni ushauri.

Mzee wa Bajeti:
Msichange. Hiyo asilimia 10 utaiandika kwenye mstari gani wa bajeti? Mkaguzi akija, atakayeulizwa ni wewe katibu, yule hutamwona tena.

Mama Shambani:
Pole mwanangu. Mimi niko Lushoto, na yaliyotukuta nisingependa yakukute. Tulipata miche, tukapanda ukingoni kwa shangwe, diwani akaja. Masika yaliyofuata karibu yote ilikuwa imeng'olewa. Hatukuwa tumekaa na wenye mashamba! Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sawa, lakini kuna mtu shamba lake zima halifiki mita 60. Ukimwendea na sheria peke yake, umemwambia ahame.

Safari ya pili tulianza na mazungumzo, mwenye shamba mmoja mmoja. Karibu na maji tukaweka mikuyu na mizambarau, nyuma yake mabingobingo na guatemala, maana kila nyumba ina ng'ombe na majani yanakatwa kila wiki. Mtu akishapata majani ya ng'ombe wake pale, analinda mwenyewe. Mikaratusi msiguse, inakunywa maji mno. Kila aliyekubali tulimwandika kwenye muhtasari wa kikao, akasaini mbele ya mtendaji wa kijiji. Karatasi zile ndizo zilizotupatia fedha, hatukuwa na mtaalamu yeyote.

Mpitiaji:
Namuunga mkono mama. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya kupitia maandiko. Ukiomba miche 20,000, swali letu la kwanza ni itapandwa kwenye ardhi ya nani. La pili, mtajuaje kwamba mto umepona? Andiko linalohesabu miche tu halijibu lolote kati ya hayo.

Hilo la pili halihitaji vifaa vya gharama. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, teka maji sehemu ile ile kila Jumatatu, iache itulie mpaka kesho yake, pima matope yaliyokaa chini kwa rula, piga picha. Fanya hivyo masika na kiangazi. Picha za miezi sita zina uzito kuliko kurasa ishirini za maelezo.

Kwa mahali pa kuomba, ningeanza na EAMCEF, mfuko wa kuhifadhi Milima ya Tao la Mashariki. Uluguru iko ndani ya eneo lao na makao yao yapo hapo hapo Morogoro, kwa hiyo nenda ana kwa ana ukaulize dirisha la maombi linafunguliwa lini. Halafu TaFF, Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002. Ruzuku ndogo za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, zinazopitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, nazo zinapokea vikundi vya kijamii, ila wanataka kuona mchango wenu. Mchango si lazima uwe fedha taslimu: siku za kuchimba mashimo, kitalu, mbolea ya samadi, vyote vipigiwe hesabu. Watu wengi wanasahau hapa, inaniuma. Pia omba barua ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, hao ndio wanaosimamia mto kisheria.

Katibu_Mlali:
Asanteni sana, mama shikamoo. Cheti cha jumuiya tunacho. Shida ni akaunti: mweka hazina wetu alifariki mwaka jana na sahihi bado ni yake.

Mzee wa Bajeti:
Poleni kwa msiba. Anzeni na hapo, kabla ya andiko. Itisheni mkutano mkuu, chagueni mwingine, muhtasari upelekwe benki. Mfadhili akikuta sahihi ya marehemu hasomi tena.

Katibu_Mlali:
Mrejesho: nimewaambia wanachama, hatuchangi. Mkutano ni Alhamisi. Jumamosi mimi na mtendaji tunapita kwa miguu kutoka darajani kwenda juu, mashamba 31, nyumba kwa nyumba. Chupa ya kwanza niliteka jana asubuhi. Leo nimepima, matope yamefika sentimita 4.