Mjadala: Vidoti vya meli kwenye ramani vinatuambia jodari wetu anavuliwa kiasi gani?

Bin Ngalawa (mleta mada)

Wakuu salama. Hii mada nimeitoa barazani, kule kahawa iliisha ubishi haujaisha nikaona niilete huku. Jamaa mmoja alikuja na simu akatufungulia ile ramani ya mtandaoni ya Global Fishing Watch inayoonyesha meli za uvuvi zinakopita, iliyofunguliwa kwa umma 2016, vidoti vya meli za kigeni huku na huku mashariki ya Pemba na Mafia, basi palepale akahukumu: meli fulani imevua masaa mia mbili kwenye maji yetu, tunamalizwa. Nikamwambia ngoja kwanza, kidoti sio samaki.

Kwa wasiojua, meli inatuma mahali ilipo kwa njia mbili. Kuna AIS, iliyotengenezwa ili meli zisigongane, hii inajitangaza kwa kila mtu na setelaiti zinaidaka. Halafu kuna VMS, hii inaenda serikalini tu, kwa nchi ya bendera na kwa nchi iliyotoa leseni, yaani kwetu ni Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu pale Fumba. Programu inachukua hivyo vidoti inaangalia spidi na kona, inakisia hapa chombo kinavua, hapa kinapita.

Kwa meli ya longlaini mimi nakubali kabisa. Ile inamwaga mshipi unaoweza kufika kilomita 100 wenye maelfu ya ndoano, inakwenda moja kwa moja kama masaa matano sita, inatulia, kisha inarudi kuukusanya polepole kutwa nzima huku inapindapinda kuufuata pale mkondo ulipoupeleka. Kwenye ramani ni kama mtu anashona kofia ya viua, sindano inaenda sindano inarudi. Hapo masaa yana maana, maana masaa mengi ni ndoano nyingi.

Ila hizi meli kubwa za nyavu za kuzungushia, ndugu yake ringneti ila huyu kashiba, hapo ndo tunadanganyana. Kuzungushia kundi na kulivuta ni masaa mawili matatu tu, anaweza kutoka na tani mia au akatoka na maji matupu. Na kutafuta samaki zamani ilikuwa darubini na kuangalia ndege wanapozamia, siku hizi anaachia machelezo yaelee na mkondo, samaki wanajikusanya chini yake, kila moja lina boya lenye sola na kipimio cha sauti kinachompigia kwa setelaiti kumwambia huku chini kuna mzigo. Kamisheni ya Tuna ya Bahari ya Hindi, ile ya nchi zinazosimamia jodari kwa pamoja, mwaka 2019 ilibidi ishushe kikomo mpaka maboya 300 yanayofanya kazi kwa meli moja. Mia tatu! Sasa nahodha kalala, kidoti kimesimama, maboya yanavua kwa niaba yake. Hapo masaa ya meli yanapima nini?

mamaPweza

Kaka Bin Ngalawa umeongea vizuri lakini hiyo "ngoja kwanza" tumeisikia sana. Samaki wa Magufuli mwaka 2009 mmesahau? Ile meli ya kigeni Tawariq 1 ilikamatwa kwenye maji yetu na jodari tani zaidi ya 290 na aliyeikamata ni meli ya doria ya Afrika Kusini, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani watu wakaachiwa. Leo mwananchi ana simu anaona mwenyewe nani yuko wapi halafu unamwambia kidoti sio samaki, sawa sio samaki, lakini ni bora kuliko giza. Mi nasema VMS ya kila meli tuliyoipa leseni iwekwe hadharani. Indonesia waliweka 2017, Peru 2018, bahari haikukauka.

Nahodha Mstaafu

Binti yangu mamaPweza, wewe dema lako unamwonyesha jirani umeliweka mwamba gani? Basi na wao hivyohivyo, sehemu ya samaki ni mali. Pia msione mtu kazima AIS mkasema mwizi. Miaka ya 2008 mpaka 2011 maharamia wa Kisomali walikuwa wanawinda meli za jodari, mtu anazima ili asionekane, na Wafaransa na Wahispania walifikia kupakia walinzi wenye silaha. Kidoti kikipotea kina sababu nyingi.

mamaPweza

Shikamoo mzee. Dema langu liko kwenye maji yangu. Yeye yuko kwenye maji yangu pia 😂

DataBara

Hapo nadhani wote mnapishana njia. Tatizo la AIS sio tu wanaozima. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature Januari 2024 ulilinganisha picha za rada za setelaiti na AIS ukakuta kama robo tatu ya meli za uvuvi wa kiviwanda duniani hazionekani hadharani, na maji ya Afrika yametajwa. Ila rada hiyo iliangalia zaidi karibu na pwani, msije mkasema robo tatu ya meli za jodari zimejificha, zile kubwa za bahari kuu nyingi zinaonekana.

Faida ya vidoti kwangu ni kumuumbua mwongo. Makadirio ya samaki yanategemea kitabu cha nahodha mwenyewe, kaandika katega mara ngapi, ndoano ngapi, kapata nini. Waangalizi wanaotakiwa kuwemo melini na kamisheni ni asilimia 5 tu ya safari au mitego, zingine zote unamwamini mtu kwa maneno yake. Sasa akiandika katega mara 40 na njia yake inaonyesha 55, unamuita ofisini. Hutaki kujua tani, unataka kujua kama anasema kweli.

Bin Ngalawa

DataBara hapo sina ubishi, kwa longlaini. Kwa wa nyavu nataka njia ya maboya, sio njia ya meli peke yake. Hizo data zipo, kila boya linatuma kila siku, kampuni inazo.

Niwaambie kitu. Kusi la mwaka juzi tulikuta chelezo limekwama mwambani, fito za mianzi na wavu mweusi umeng'ang'ania matumbawe, tulikata mpaka visu vikagoma. Juu yake boya jeupe kama sufuria limepinduliwa, sola yake safi, namba zimeandikwa kwa wino usiofutika. Hakuna meli iliyowahi kuonekana pale, ukiangalia ramani ya vidoti hapo ni sifuri, uvuvi hakuna. Na wavu ulikuwa na kasa ndani, keshakufa.

Kipa wa Feri

boya mlipeleka wapi

Bin Ngalawa

Sola iko juu ya bati kwa shemeji inachaji redio.

mamaPweza

Na namba mlizinakili? Maana kwa namba hiyo mwenyewe anajulikana.

Bin Ngalawa

Nyumba ya boya tumeifanya chombo cha kuwekea chambo, namba bado zinasomeka. Kesho nikipita nazipiga picha naweka hapa.