Njia ya juu ya miti siku ya mvua: Manyara, Ngare Ndare au Nyungwe?

Kiatu_cha_Tope (Jumanne, saa 2:14 usiku)
Wakuu habari za usiku. Mimi na rafiki yangu tumepania kwenda kutembea kwenye yale madaraja yanayoning'inia juu ya miti, ndani ya msitu. Na tunataka twende mvua ikinyesha. Msinishangae, ndiyo nia yenyewe: ukungu, matone, harufu ya majani mabichi. Nimechungulia sehemu tatu: Hifadhi ya Ziwa Manyara hapa kwetu, Ngare Ndare ya Kenya na Nyungwe ya Rwanda. Ipi inalipa zaidi? Tumeshajichanga, tunataka kulipia wiki hii. Mwenye uzoefu atiririke.

Mzee_wa_Sanya (saa 2:31 usiku)
Atiririke vipi wakati wewe mwenyewe umekauka? Umeuliza nauli bila kusema unapandia wapi. Mnatokea mkoa gani? Siku ngapi? Gari mnalo? Rafiki ni raia au mgeni? Maana mgeni bei yake ni nyingine kabisa.

Jani_Bichi (saa 2:33 usiku)
Na lini. "Siku ya mvua" si tarehe.

Kiatu_cha_Tope (saa 2:50 usiku)
Samahanini wakuu. Tunatokea Moshi. Sote raia. Wikiendi moja, Jumamosi na Jumapili, mwezi wa nne. Gari hatuna.

Mzee_wa_Sanya (saa 2:52 usiku)
Wikiendi moja halafu umeiweka Nyungwe kwenye orodha! Kijana, mpaka ufike Singida, Kahama, uvuke Rusumo, ulale Kigali, Jumatatu bosi wako ameshaanza kukupigia.

Nesi_wa_Kahama (saa 3:10 usiku)
Mzee yuko sahihi kuhusu muda, ila msiidharau Nyungwe. Nimefika. Unatoka Kigali unapita Huye, na barabara ya kwenda Rusizi inakatiza katikati ya msitu. Unashukia Uwinka. Pale unapewa mwongoza njia, mnashuka kwa miguu kwenye njia inaitwa Igishigishigi, kama kilomita mbili na kidogo, jina la ile mimea mikubwa ya jamii ya kangaga inayosimama kama mti. Daraja lenyewe lilifunguliwa 2010, mita 160 tu, lakini katikati mko mita 70 hivi kutoka chini. Sabini! Mimi nilikuta ukungu umejaa bonde zima, chini sioni kitu, naona meupe tu kama niko juu ya maziwa. Nadhani ndiyo maana nilivuka. Ukungu usingekuwepo ningerudi.

Baridi yake ni ya milimani, bebeni sweta. Tangu 2023 msitu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na unastahili. Jipeni siku tano, mwende kwa heshima.

Dereva_wa_Makuyuni (saa 3:26 usiku)
Manyara, bila kuzunguka. Napeleka wageni pale tangu njia ifunguliwe 2017. Iko ndani ya hifadhi, upande wa lango la Mto wa Mbu. Mita 370 kwa jumla, madaraja yamefungwa mti kwa mti. Uzuri wake ni kwamba huanzii juu. Unaingia ukiwa usawa wa ardhi, unapandishwa kidogo kidogo, ukija kushtuka uko mita 18 na hondohondo anakatiza chini ya miguu yako. Pembeni kuna nyavu. Kima mnatazamana uso kwa uso.

Sasa mambo ya mfukoni. Kuingia hifadhini kwa miguu mkijiendea tu hairuhusiwi, kwa hiyo gari mtahitaji hata kama njia iko karibu. Pandeni gari za Karatu kutoka Arusha, shukeni Mto wa Mbu, kodini gari pale, mpatane kabla hamjapanda. Kiingilio cha hifadhi ni kimoja, malipo ya daraja ni mengine. Watu wengi hudhani ukilipa langoni umemaliza. Na noti zenu wawekeeni wauza ndizi, langoni ni kadi au namba ya malipo.

Jani_Bichi (saa 3:41 usiku)
Niongezee hapo kwa Dereva. Msitu ule hautegemei mvua ya hapo hapo. Maji yanazama huko juu, nyanda za Ngorongoro, yanapita ndani ya miamba na kutokea kama chemchemi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ndiyo maana mikuyu ile imesimama kijani hata Septemba, wakati ukitoka nje kidogo ni vumbi na migunga. Kwa hiyo anayengoja masika ili aone kijani hajaongeza kijani. Ameongeza utelezi.

Kiatu_cha_Tope (saa 3:44 usiku)
Sitafuti kijani, natafuta mvua.

Jani_Bichi (saa 3:45 usiku)
Basi kaa chini ya bati la jikoni kwenu, ni bure.

Mtu_wa_Timau (saa 4:02 usiku)
Majirani hamjambo. Mimi ni wa Timau, upendeleo ninao na siufichi. Ngare Ndare ni mita 450, ndefu kuliko zote mlizotaja. Inapita katikati ya mitarakwa na mizeituni mwitu ya miaka mingi, na mwisho wake kuna jukwaa mnasimama kutazama ndovu wakinywa maji. Si juu sana kama Nyungwe, lakini Nyungwe mtaonyeshwa ndovu gani?

Na ndovu wetu si wa maonyesho. Wanashuka kutoka Mlima Kenya wakija Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa, na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru wanaipita chini yake, kwenye njia waliyojengewa. Wanaitumia tangu 2011. Juu malori, chini ndovu. Ndiyo sababu huendi msituni bila askari wa msitu, na msianze kulalamika kwamba mnafuatwafuatwa.

Mzee_wa_Sanya (saa 4:09 usiku)
Maelezo mazuri ndugu yetu. Ila kutoka Moshi ni Arusha, Namanga, Nairobi, Nanyuki, ndipo Timau. Jumamosi yote imeishia barabarani.

Mtu_wa_Timau (saa 4:12 usiku)
Si wavuke na kitambulisho tu wafike mapema?

Nesi_wa_Kahama (saa 4:15 usiku)
Kitambulisho ni ninyi, Waganda na Wanyarwanda. Sisi hatumo kwenye mpango huo. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura. Kiatu, pasipoti mnazo?

Kiatu_cha_Tope (saa 4:20 usiku)
Mimi ninayo. Mwenzangu sijamuuliza.

Mzee_wa_Sanya (saa 4:21 usiku)
Jamani.

Kihamba_Halisi (Jumatano, saa 1:05 asubuhi)
Nimesoma uzi wote nikiwa na kikombe mkononi. Mko Moshi, mnaukimbia mlima, mnakwenda kutafuta mvua Manyara! Masika mvua inakaa hapa hapa kwetu. Pandeni Materuni, mfike kwenye maporomoko mloe mpaka mchoke, mkirudi mnakaanga kahawa, mnaitwanga wenyewe na nyimbo juu. Nauli ya daladala.

Dereva_wa_Makuyuni (saa 1:30 asubuhi)
Ameuliza daraja la juu ya miti. Materuni kuna daraja gani?

Kihamba_Halisi (saa 1:33 asubuhi)
Kwenye ule mteremko unaitazama migomba kutoka juu. Ni miti ile.

Jani_Bichi (saa 1:40 asubuhi)
Mgomba si mti. Hauna ubao. Ule unaouona kama shina ni majani yamekumbatiana tu.

Kihamba_Halisi (saa 1:41 asubuhi)
Babu yangu ameishi nayo miaka themanini hakuwahi kuambiwa hivyo.

Kobe_Mlimani (saa 4:48 asubuhi)
Ngojeni niwasimulie kabla hamjamtuma mtoto wa watu kwenye mvua. Mahali sitapataja, si kati ya hapa mnapobishania, na waliotupeleka nao siwataji.

Tulikuwa mimi na binamu yangu. Tulipolipia niliuliza, "Mvua ikinyesha?" Nikajibiwa mvua si tatizo, ndiyo raha yenyewe. Haya. Tumefika saa tano, manyunyu. Nimevaa jinzi, raba nyeupe, simu mfuko wa nyuma. Tumetembea saa nzima, tukafika kwenye daraja la kamba juu ya korongo. Nikiwa katikati ndipo ngurumo ya kwanza ikapiga. Yule kijana wa kutuongoza alikuwa ameshavuka, kageuka ananipungia mkono kwamba niharakishe. Niharakishe na nini? Mbao zinateleza kama bamia, nyaya ninazoshika ni za chuma, na radi inapasua. Nilivuka kwa magoti, sioni aibu kusema.

Upande wa pili tukajibanza chini ya mti mkubwa, kosa la pili. Pale chini siafu walikuwa wamehama kwa ajili ya maji, wamejipanga mstari. Unawahisi wakishafika pajani, na wanauma kwa pamoja kama waliohesabiwa moja mbili tatu. Binamu yangu alivua suruali mbele ya watu asiowajua. Jinzi yangu ikiloa ina uzito wa debe la mahindi. Kurudi, gari limezama kwenye tope mpaka ekseli, wametokea vijana wa kusukuma, kila msukumo una bei yake, na ya mwisho ilikuwa juu kuliko ya kwanza. Nimefika nyumbani saa sita usiku. Kesho yake nimepiga simu kudai japo nusu ya hela. Nikaulizwa, "Kwani bwana, ulitembea au hukutembea?"

Kwa hiyo kokote utakakokwenda uliza maswali mawili kabla ya kulipa. Radi ikianza daraja linafungwa? Likifungwa, hela yangu inakuwaje?

Mzee_wa_Sanya (saa 5:10 asubuhi)
"Ulitembea au hukutembea" nitaitumia kazini.

Nesi_wa_Kahama (saa 5:22 asubuhi)
Pole Kobe. Jinzi hapana kabisa. Suruali nyepesi, uichomeke ndani ya soksi ndefu, gambuti. Simu kwenye mfuko wa nailoni.

Kihamba_Halisi (saa 5:25 asubuhi)
Na mwavuli.

Dereva_wa_Makuyuni (saa 5:31 asubuhi)
Mwavuli darajani? Upepo ukiingia pale umetweka tanga, utatua Karatu. Koti la mvua lenye kofia, mikono yote miwili iwe huru.

Kiatu_cha_Tope (saa 12:40 jioni)
Nimefuatilia yote, shukrani sana. Nimeongea na mwenzangu leo. Pasipoti hana, kwa hiyo Ngare Ndare na Nyungwe tumeziweka pembeni. Kuna kitu kingine ambacho pengine ningekisema mwanzoni. Anaogopa urefu. Akiwa ghorofa ya tatu anashika ukuta.

Jani_Bichi (saa 12:42 jioni)
!!!

Mzee_wa_Sanya (saa 12:44 jioni)
Kurasa mbili tunajadili mita sabini na mita kumi na nane, kumbe mgonjwa yuko chumba cha nyuma. Yeye ndiye aliyechagua daraja au umemchagulia wewe?

Kiatu_cha_Tope (saa 12:50 jioni)
Anasema anataka kujaribu. Ila alisema akiwa amekaa.

Nesi_wa_Kahama (saa 1:03 usiku)
Kwa mtu wa hivyo Manyara ni nafuu, kwa sababu inaanzia chini. Avuke la kwanza, akitetemeka mrudi. Usimrekodi video. Na usitikise daraja kwa utani, wanaume mna tabia hiyo.

Mtu_wa_Timau (saa 1:08 usiku)
Nani kasema ni wanaume?

Dereva_wa_Makuyuni (saa 1:15 usiku)
Nimeshaona watu wazima wanagomea pale kwenye mti wa pili, si ajabu. Ila kabla ya kulipa muulizeni anayewaongoza kama atawarudisha njia ile ile wengine wakiwa wanakuja nyuma. Akishindwa kabisa, mwingine atembee na mwingine akale ndizi nyekundu sokoni Mto wa Mbu.

Kihamba_Halisi (saa 1:19 usiku)
Ndizi nyekundu! Ile ni rangi tu, utamu hakuna. Njooni Moshi mle ndizi mshare na nyama.

Dereva_wa_Makuyuni (saa 1:21 usiku)
Umekula mbichi wewe. Ngoja iive mpaka ganda lipate madoa, halafu uniambie.

Jani_Bichi (saa 1:24 usiku)
Na ile nayo si tunda la mti.

Kihamba_Halisi (saa 1:24 usiku)
Umeanza tena.

Kiatu_cha_Tope (saa 1:37 usiku)
Wakuu, kuna mwenye gambuti namba 39 na 43 za kuazima hapa Moshi? Madukani nimekuta za watoto tu.