Naomba ushauri: namna ya kuwasomesha Mto Kongo wanafunzi wa Pemba

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika skuli ya sekondari hapa Wete, na naomba ushauri wenu kuhusu kuwasomesha Mto Kongo wanafunzi waliozoea vijito vinavyovukwa kwa miguu mara tu masika yanapomalizika.

Urefu wake wa kilomita 4,700 hivi wanaukariri bila taabu. Kinachowashinda ni kuamini kwamba maji yake hayapungui sana mwaka mzima. Nimewachorea ubaoni jinsi unavyoivuka Ikweta mara mbili, ukielekea kaskazini kwa jina la Lualaba, kisha ukipinda magharibi na kurudi kusini, hata upande mmoja unapokuwa kiangazi, upande wa pili mvua inanyesha. Bado kijana mmoja akaniuliza maji yanawezaje kupanda kuelekea juu ya ramani. Swali la haki kabisa, kwani ramani yetu ya ukutani, iliyokwisha kuchanika pembeni, haioneshi miinuko.

Kuhusu nchi mbili zenye jina moja, ambazo miji yake mikuu, Kinshasa na Brazzaville, inatazamana ng'ambo kwa ng'ambo, sina wasiwasi.

Je, aliyewahi kulisomesha somo hili alitumia nini kuonesha miinuko: udongo, mchanga, au njia nyengine isiyo na gharama? Na je, nimtaje Tippu Tip, Mzanzibari aliyefanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa katika bonde hilo, au historia hiyo itawatoa kwenye jiografia?