Kompyuta inakagua diski D kila nikiiwasha, nifanyeje?

MwenyeSteshenari: Wakuu, habari za muda huu. Nina kompyuta ya mezani ya Windows 10, diski ya GB 500 ya kuzunguka, C na D zimo humo humo. Kila nikiwasha inaanza kukagua D, asilimia zinapanda polepole mno. Wanafunzi wamesimama na fomu za kuprinti, mashine bado inahesabu. Mara ya kwanza umeme ulikatika ikiwa inafanya kazi, nikaona ni kawaida. Sasa hata nikiizima vizuri inarudia. Kuna fundi ameniambia nipige Windows upya. Ndiyo dawa?

Jirani_wa_Bandari: Pole mkuu. Bonyeza kitufe chochote zile sekunde chache kabla ukaguzi haujaanza, itauruka. Ukitaka usiuone kabisa, fungua CMD kama msimamizi uandike `chkntfs /x D:`

BintiNyaya: Jirani, hapo umezima king'ora tu, moshi bado upo. Windows huweka alama kwenye patisheni (sehemu ya diski, kama hiyo D) ikihisi mafaili hayako sawa, na chkdsk, yaani huo ukaguzi wenyewe, ikimaliza salama huifuta. Kwa umeme kukatika, ukaguzi mmoja kwa kawaida unatosha. Alama ikirudi kila siku, kuna kinachoirudisha. Na ukipiga Windows upya unafuta C. Ya D itabaki palepale.

Mkuu, andika `fsutil dirty query D:` uone kama alama ipo. Kisha weka CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, utuletee namba za mistari 05 (sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa), C5 (sekta zinazoshukiwa) na C7 (makosa ya mawasiliano ya kebo). Sekta ni vipande vidogo vya diski.

MwenyeSteshenari: Alama ipo. CrystalDiskInfo imeonyesha njano. 05 ni sifuri, C5 inaishia na 18, C7 sifuri.

BintiNyaya: C7 ikiwa sifuri, kebo ya SATA, ile inayounganisha diski na mashine, siishuku sana. Tatizo ni C5. Hiyo 18 imeandikwa kwa heksadesimali (kuhesabu kwa kumi na sita: 16 + 8), yaani sekta 24 ambazo diski inapata shida kuzisoma. Vipimo hivyo ni vya diski nzima, kwa hiyo hata C usiiamini.

Tafadhali usiendeshe `chkdsk /r` kabla ya kuokoa mafaili. Inapitia diski yote kwa saa nyingi, na diski mgonjwa inaweza kufia njiani. Hapa sasa amri ya Jirani ina kazi: zuia ukaguzi kwa muda, mashine iwake, ukopi kwenye diski ya nje. Anza na vitu usivyoweza kuvipata kwingine: hesabu za duka, kazi za wateja, picha za familia. Faili likigoma liruke, usilazimishe.

Jirani_wa_Bandari: Nakubali, sikujua hali ya diski. Mkuu, ukimaliza nunua SSD (diski isiyozunguka), hapo ndipo upige Windows. Ukipata na UPS ndogo (betri ya akiba) itakusaidia kuzima mashine kwa utaratibu umeme ukikatika.

MwenyeSteshenari: Asanteni sana. Nimeanza kukopi, folda moja ya picha za pasipoti imegoma, nimeiruka. Hii diski ya zamani naweza kuibakiza ya muziki?

BintiNyaya: Muziki ambao ukipotea hutaumia, sawa. Ila usimuuzie mtu hivyo hivyo, ina vyeti na picha za wateja wako. Jaribio lako la mwisho kwa ile folda lifanye baada ya mengine yote kutoka.