Mjadala: Msanii wa Kigoma ahamie Dar, au skrini ya simu inatosha?

Mwenye mada, Mwanga:

Ndugu zangu, niko hapa Mwanga, Kigoma mjini, naleta hoja hii kwa sababu imeigawa nyumba yetu. Mdogo wangu anaimba. Anarekodi chumbani, ana chaneli ya YouTube, na anasema hana shida ya kwenda Dar es Salaam kwa kuwa zama za kubisha hodi redioni zimekwisha. Baba anamuunga mkono, maana hataki mwanawe akahangaike mjini. Mimi nawapinga wote wawili.

Mwaka 2007 nilipanda treni hapa stesheni nikiwa na CD ya demo kwenye begi. Ni zaidi ya kilomita 1,200, na treni ya siku zile ilifika ilipojaliwa. Dar nilizunguka redio tatu, kisha msambazaji mmoja akanitajia bei ya albamu nzima ambayo haikutosha nauli ya kurudi na deni la studio. Sikusaini. Nikarudi, nikaingia kwenye biashara ya dagaa, nipo nayo hadi leo. Kwa hiyo mtu akiniambia intaneti imewavunja nguvu wasambazaji wa aina ile, nafurahi kwa moyo wote.

Ila tusidanganyane kuhusu gharama. Yule msambazaji alinyonya, lakini kava, nakala na usafirishaji alilipa yeye. Leo kamera, taa, mavazi, dairekta, mhariri na bando la kupandishia video vinatoka mfukoni mwa mwimbaji kabla hajaona hata senti.

Kila kijana hapa anamtaja Diamond Platnumz, kwa kuwa asili yake ni huku kwetu. Haya, tuifuate njia yake sawasawa. Kakulia Tandale. Wimbo wake Kamwambie ndio uliomtoa, na mwaka 2010 akabeba tuzo tatu za muziki za Kili kwa mkupuo. Watu walipoanza kuutazama muziki kuliko kuusikiliza, akamwaga fedha kwenye video mpaka zikapigwa kwenye televisheni za nje. Mwaka 2018 ikaja televisheni yake, Wasafi TV, mwaka uliofuata redio. Mwaka 2020 video zake zikafikisha mara bilioni moja za kutazamwa YouTube. Mwaka 2022 akaonekana Netflix kwenye kipindi cha Young, Famous & African, safari hii si kwa wimbo, ni maisha yake yenyewe yamewekwa mbele ya kamera. Kila hatua hapo ilitaka awe jirani na wenye kamera, wenye matangazo na wenye mtaji. Katika hizo sioni hata moja iliyosimama Kigoma.

Sasa njoo kwenye hesabu. YouTube wanampa mwenye chaneli asilimia 55 ya fedha ya matangazo, akishafikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Asilimia 55 ya kiasi gani? Tangazo hulipiwa kwa kuangalia mtazamaji yuko nchi gani, na wa kwetu ni wa bei ya chini. Halafu wa kwetu wenyewe wengi hawaingii YouTube, bando linauma. Wanajaziwa nyimbo kwenye memori kadi pale kibandani, wanarushiana WhatsApp, wanazitazama kibanda umiza kabla mechi haijaanza. Juzi nimeusikia wimbo wa mdogo wangu kwenye bajaji mbili tofauti, mchana mmoja! Nilitetemeka kwa furaha. Jioni tukafungua chaneli: namba ni ile ile ya asubuhi. Mji unamsikiliza, na YouTube hawajui.

Ndiyo maana nasema aende Dar. Mnasemaje?

Kutoka Ujiji:

Kaka, hesabu zako sizipingi, napinga unakozipeleka. Diamond hakuhamia Dar, kakulia hapo hapo, ana mama, ana majirani, anaijua mitaa. Kijana wa Mwanga anakwenda kulala sebuleni kwa shemeji, na mwezi wa tatu anaanza kuhesabiwa sahani. Wangapi tumewasindikiza stesheni kwa ngoma, wakarudi kimya kimya?

Na kuna jambo umelipita. Ukiwa Dar, Kigoma ni mwisho wa reli. Ukisimama hapa gatini, mbele yako ni Ziwa Tanganyika, na kwa boti unafika Kalemie na Uvira za Kongo na Bujumbura ya Burundi, na Kiswahili kinasikika kote huko. Hao ni wasikilizaji wetu tangu enzi za babu zetu. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipoungana kwa wimbo wa Leka Dutigite, nchi nzima iliitikia, na jina lililouza lilikuwa la mkoa huu. Kwa nini tulibebe tukalitumie kwingine?

Kutoka Kasulu:

Naomba niseme kama dada, maana mnaongea kama vile kila mwimbaji ni mwanamume. Nilianza kwaya, nikatoka na wimbo wangu mmoja. Enzi za redio mama yangu alisikia sauti tu, akajivunia. Siku hizi wimbo bila video ni kama haujatoka, na dairekta wa kwanza niliyempata swali lake halikuwa wimbo unasemaje, aliuliza nitavaa nini na niko tayari kufupisha kiasi gani. Nilikataa. Akaniambia basi sitatrendi.

Mwenye mada, huko unakomtuma mdogo wako, mdogo wako wa kike ungemtuma? Mimi nataka kamera iwe mikononi mwa watu wanaomfahamu baba yangu.

Mwenye mada, Mwanga:

Dada, swali lako limenikalia kooni tangu jana. Sikulifikiria, na jibu ni hapana, nisingemtuma. Na wa Ujiji, hilo la Kalemie nalikubali. Dagaa wangu wananunuliwa na watu wa ng'ambo kila wiki, halafu wimbo siuoni hivyo hivyo! Lakini mtaji? Kamera nzuri haiji kwa kuipenda.

Kutoka Katubuka:

Halmashauri zina mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa vikundi vya vijana tumezoea kuona bodaboda na ufugaji wa kuku. Kikundi kikiomba kamera, taa na kompyuta ya kuhariria, kuna ubaya gani? Kitapiga harusi na mahafali ili kulipa rejesho, na siku zilizobaki kitapiga video za wasanii wa hapa.

Kutoka Mwandiga:

Hapo nakataa. Fedha hiyo ni ya umma. Kuku wakifa unaona mizoga, wimbo ukifa unaona nini? Kwanza waonyeshe mikataba ya harusi, ndipo tuzungumze.

Mwenye mada, Mwanga:

Wa Mwandiga ana haki ya kudai hivyo. Mikataba ya harusi itatafutwa, na dada wa Kasulu akiwa tayari nitaomba aingie kwenye kikundi tangu siku ya kwanza, awe na kauli juu ya kamera.

Mdogo wangu kayasoma haya yote. Usiku ameniomba nauli, si ya treni, ya boti kwenda Kalemie, na memori kadi hamsini. Bado sijamjibu. Wanaoijua Kalemie, nielezeni kwanza nyimbo kule zinasambazwaje.